Kila Jumatatu nanunua petroli ya mama mkwe, lakini sithubutu kuitia kwenye gari

Admin, ficha jina langu, na ukiweza ficha hata kazi yangu, ingawa bila kazi hiyo kisa hiki hakieleweki. Lubumbashi ni mji mkubwa lakini shemeji zangu wote wako kwenye ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, mke mmoja na watoto wawili. Ni dereva wa teksi, gari ni langu mwenyewe, na nabeba wanafunzi wa chuo kikuu, kule Kasapa.

Mama mkwe wangu ni mjane, anakaa mtaa wa Hewa Bora. Baba mkwe alipofariki, mama alilala kitandani miezi mitatu, hataki kula wala kuongea. Kilichomwinua ni pipa la marehemu lililokuwa nyuma ya nyumba. Alilijaza petroli, akaweka meza na chupa kando ya barabara, akaanza kuuza. Sote tulifurahi. Mimi nikajitia mbele, nikatangaza mbele ya ukoo kwamba sitanunua tena petroli mahali pengine. Mdomo uliniponza.

Mvua zilipoanza, gari likaanza kukohoa. Linawaka, linatetemeka, linazima katikati ya barabara, wanafunzi wanashuka wamenuna. Fundi akachota petroli ya tangi kwenye chupa nyeupe, tukaiweka juu ya jiwe. Baada ya muda petroli ikakaa juu, maji chini, na chini kabisa unga wa kutu.

"Uyu mwenye kukuuzisha hii esanse iko anakuua pole pole," fundi akasema. "Ni nani?"

Nilimwambia simjui.

Si kwamba mama anachanganya, nawaapia. Pipa limeoza ndani, kifuniko hakikazi, mvua inaingia, na petroli inakaa humo mpaka inabadilika rangi na harufu. Yeye hajui, na mimi siwezi kumwambia. Wakasai wenzangu mtanielewa: mama mkwe hatazamwi machoni, hashikwi mkono, sembuse kuambiwa biashara yake ni mbovu. Maneno yote hupitia kwa mke. Basi nikamwambia mke wangu. Alilia, kisha akawaka.

"Unapenda miye njo niambie mama kama anauzisha mayi? Ile pipa iko ya papa! Utamurudisha mu kitanda, weye. Na bandugu batakulipisha mbuzi ya faini."

Nikafanya ujanja, na ujanja ndio umenifunga. Kila Jumatatu naenda kwa mama, nainamisha kichwa, nanunua bidoni moja, dumu zima la petroli, nashukuru, naondoka. Gari nalitilia petroli ya stesheni ya mafuta. Bidoni ya mama naificha stoo. Kuimwaga siwezi, maana jirani yetu ni dada wa marehemu baba mkwe na pua yake haina likizo. Kuiuza ni dhambi. Sasa ziko kumi na moja, na nyuma ya ukuta wa stoo wanalala watoto wangu. Mke anapowasha mbabula, jiko letu la makaa, apike bukari, yaani ugali, mimi nasimama mlangoni kama askari, nahesabu cheche.

Hata hayo ningevumilia. Lakini madereva walipoanza kulalamika, mama aliwajibu jambo moja tu: "Muulize mukwe wangu. Kila siku anatia esanse yangu, na motere yake iko muzima." Na kweli injini ni nzima! Watu wanaliona gari likipita. Rafiki yangu wa kituoni, niliyeanza naye kazi hii, alinifuata akaniuliza uso kwa uso.

"Ndugu, weye kweli unatumikisha ile esanse ya mama?"

"Eh, ninatumikisha," nikamjibu.

Akajaza tangi. Wiki iliyofuata gari lake lilizima, pampu ikafa, na mpaka leo limekaa juu ya mawe uani kwake. Anadhani ni bahati mbaya. Bado ananisalimia vizuri, ananiulizia watoto, na mimi natamani angenitukana.

Jumamosi hii shemeji yangu mdogo anaolewa. Mama amesema petroli ya magari yote ya msafara ni zawadi yake, itoke kwenye pipa la baba, ili baba naye amsindikize binti yake. Mke wangu aliniletea neno hilo akiangalia chini: "Mama anasema weye njo utatia, juu mukono yako iko na baraka. Na bibi arusi atapanda mu gari yako."

Nikisema ukweli, namvunja mjane mbele ya ukoo mzima, siku ya furaha yake ya kwanza tangu msiba. Nikinyamaza, magari yatazima njiani na bibi harusi ndani. Njia ya tatu ni kujaza matangi yote petroli ya stesheni kwa siri. Msafara utafika salama, mama atasimama mbele ya wageni aseme, "Munaona?" na Jumatatu madereva watapanga mstari mezani kwake.

Hiyo ya tatu ndiyo najijua nitaifanya. Ndiyo maana nawaandikia kabla ya Jumamosi. Ndugu zangu, nishikeni mkono: nianze kumwambia nani, na kwa mdomo gani?