Mke Mwenzangu wa Kwenye Simu

Hapana, wivu sikuona. Wivu wa nini, na mimi ndiye niliyekuwa nawashikia simu?

Mzee wangu alikuwa na sukari, tukikaa hapa nje kidogo ya Kibondo. Daktari kamwambia dawa ni kutembea, asipotembea mguu ulioanza kufa ganzi utaishia kukatwa. Mzee karudi, kakaa kwenye kigoda chake kama jiwe la kusagia. Nikimsema ananijibu kwa ile sauti yake ya kuvuta, "Niteembee niende waapi, nimeibiwa ng'ombe?"

Basi hospitali wakachukua namba yetu, wakasema tutapigiwa. Asubuhi moja ile simu ya tochi ikalia, nikaweka sauti kubwa. Msichana, sauti laini ya Dar, anaongelea puani: "Shikamoo babu. Jana ulitembea? Kama ulitembea, bonyeza moja. Kama hukutembea, bonyeza mbili."

Mzee akanyooka. "Marahaba, mke wangu. Mwakeye?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, utani huo, na salamu haikatwi katikati. Akamuuliza mvua, akamuuliza mama yake. Msichana akajibu: "Samahani, sijakuelewa." Mzee akaona aibu. Akasema ni Kiha chake kimemchanganya mtoto wa watu.

Mimi sijasoma, lakini moja naijua, imesimama kama kigingi cha mbuzi. Nikataka kuibonyeza yaishe. Akanishika mkono, akasema mke mdogo hadanganywi siku ya kwanza. Nikabonyeza mbili, ile iliyopinda shingo kama bata. Msichana akasema, "Pole babu. Jaribu leo."

Na akatembea, jamani! Akashuka mpaka mtoni, akarudi anahema. Kesho yake nikabonyeza moja, msichana akampa hongera, mzee akacheka nikaona meno yote yaliyobaki. Tangu hapo ikawa kazi. Kukicha ameshaoga, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anajifunza Kiswahili cha mtangazaji wa redio: "Naam, nimetembea vyema." Nikipita namwambia mke mwenzangu leo kachelewa kuamka. Chai akanywa bila sukari, chumvi akapunguza, na kliniki walipompima wakasema sukari imeshuka. Siku ile nilicheza uani peke yangu, kuku wakakimbia.

Sasa akaona si vizuri kuoa kwa maneno matupu. Akachukua chupa ya asali, ile ile aliyokatazwa, wala hakulamba kidole, tukaenda hospitali kwa miguu. Njia nzima yeye mbele, mimi nyuma namwita bwana harusi, na hakupumzika hata mlimani. Tulipofika dirishani akauliza, kwa Kiswahili chake cha redio, yule binti anayepiga simu anakaa chumba gani, amemletea zawadi.

Muuguzi hakuinua hata macho. "Babu, huyo si mtu. Ni sauti ya kompyuta, haisikii chochote."

Mzee akanipa chupa niishike. Akakaa kwenye benchi, akaunyoosha ule mguu, akautazama.

"Kumbe," akasema. "Basi itembee yenyewe."