Siku Nilitaka Kutupa Dawa Yangu Ziwani

Ah, acheni nicheke kwanza! Ile siku yule munganga wa kike wa hospitali, anayetupatiaka dawa ya Sida, ule ukimwi, hapa Kalemie aliangalia karatasi ya labo, akapiga mikono. "Mama, virusi haionekane tena ndani ya damu yako!"

Haionekane! Nikatoka mbio, kitambaa changu cha kichwa nikakiacha kwenye benchi. Mimi nilisoma kidogo tu, lakini hilo neno nililisikia vizuri: kitu hakionekane, basi hakiko. Njiani nilisalimia hata mbuzi.

Nikamwambia mwenzangu wa kuimba korali ya kanisa, jirani yangu mulango kwa mulango. Anajua ugonjwa wangu, mimi sifichake. Akapiga vigelegele mpaka kuku zikakimbia. "Mama yangu, umepona! Siku ya Mungu, tukitoka kanisani, tunachinja bata, tunakula, kisha tunashuka wote ziwani, unatupa ile dawa kwenye maji!"

Kwetu kwenye kundi la maombi njo vile: muntu akipona, anatupa mbele ya wote kitu cha ugonjwa wake. Yule aliyepona mguu alitupa fimbo. Na mimi nilitaka yangu!

Siku ikafika. Nikavaa kikwembe kipya. Bata akaiva ndani ya mafuta ya mawese, bugali ikapanda kama mulima. Korali yote ikajaa nyumbani. Nikaalika na munganga, maana yeye njo alileta habari. Akaingia anacheka, akaona chupa yangu ya dawa katikati ya meza, nimeifunga utepe mwekundu.

"Mama, hii inaenda harusi gani?"

"Inaenda ziwani! Nimepona!"

Kicheko kikamukauka. "Mama, sikusema umepona. Nilisema haionekane. Virusi iko."

"Iko wapi?" mwenzangu akauliza. "Labo yenu haina macho?"

"Labo inaona ile inayotembea ndani ya damu. Lakini kuna ingine ilijificha. Mwili una askari wake, wale wanatulindaka na magonjwa. Virusi iliingia ndani ya hao askari wenyewe. Wengine wamelala, nayo imelala ndani yao. Dawa inazuia virusi kuzaana. Ile iliyolala haizae, basi dawa haiigusi. Ukiacha dawa, siku askari anaamuka, virusi inaamuka naye, inazaa, inajaa tena mwili muzima."

"Yoo!" mwenzangu akashika kichwa. "Mwizi amepanga chumba ndani ya kambi!"

Watu wakageuka, wananiangalia mimi. Mimi naangalia chupa. Nikaona, wallahi nikaona, shamba langu la muhogo kule njia ya Niemba! Mule kuna ndago, yale majani mabaya. Unalima, shamba linabaki safi kama sahani. Lakini chini ya udongo ndago imeacha vipira vyake vyeusi, vimelala. Jembe halivifikie. Ukitundika jembe, mvua ikinyesha, ndago imejaa mpaka mulangoni.

Nikaruka kwenye kiti. "Kumbe dawa njo jembe! Na mimi nilitaka kutupa jembe ziwani!"

Munganga akacheka mpaka akafuta macho. "Njo vile, Mama. Lima kila siku."

"Sasa na huyu bata?" mwenzangu akauliza. "Tumurudishie manyoya?"

"Mumukule!" munganga akasema. "Virusi kutoonekana ni furaha kubwa. Mama ana nguvu, na akimeza vizuri hamuambukize mume."

"Mume gani?" nikasema. "Nitafutieni kwanza!" Nyumba nzima ikalipuka.

Radio ikaanza kusoma habari. Hiyo njo saa yangu ya dawa. Nikafungua utepe, nikameza kidonge mbele ya wote, nikakisindikiza na paja la bata. Mwenzangu akanifunga ule utepe kichwani, korali ikaanza kuimba na bugali mudomoni.

Lakini hao watu walikuja kutupa kitu, hawangerudi hivi hivi. Basi tulishuka ziwani kweli, tunacheza njia nzima, tukatupa mifupa ya bata.