Nduku, Wewe Hukuiba Mtihani

Dada yake amenipigia asubuhi, nikamwambia aangalie vizuri, labda amekosea namba. Nduku ameenda? Nduku wetu? Akili yangu imekataa kabisa.

Wengi wenu mnamjua kama Madam Nduku, mwalimu wa kompyuta huko Kajiado. Mimi nilimjua mapema, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tukisoma college ndogo hapa Kitengela. Kompyuta sita, zimefunikwa vitambaa kama viti vya wageni. Kuingia lab lazima uvue viatu!

Babake alikuwa anafanya kazi kiwandani Magadi, kwa hivyo Nduku aliishi na shangazi yake hapa town. Kila Ijumaa alikuwa anafagia ofisi ya principal.

Binary, ile ya kuandika namba kwa moja na sifuri tu, ilikuwa imetushinda sote. Nduku akasimama mbele, akainua vidole vinne. "Hiki ni nane, hiki nne, hiki mbili, hiki moja. Nipeeni kumi na tatu." Akalaza kile cha mbili, akaacha vingine vimesimama. "Moja, moja, sifuri, moja. Kwisha!"

Jumatatu mtihani ukaja. Swali la kwanza: badilisha kumi na tatu iwe binary. La pili: input na output devices, vile tu alikuwa ametufundisha. Nikamwangalia. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anaandika tu.

Nikajiambia, huyu ameona karatasi. Si ndiye hufagia ile ofisi? Na hiyo daftari yake, mbona huifunga nikikaribia?

Sikumuuliza. Nilienda kwa principal.

Bag yake ilimwagwa mbele ya darasa lote. Daftari ikafunguliwa. Ilikuwa past papers, mitihani ya miaka mingi iliyopita, amezinakili kwa mkono kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kajiado, na vistari kando ya kila swali kuonyesha limerudi mara ngapi.

Principal hakutosheka. "Ishirini na mbili kwa binary!"

Nduku akainua mkono mzima. Akalaza cha nane na cha moja, jibu likatoka sawa. Principal akamwita ofisini dakika mbili, akamrudishia daftari. Basi, ikaisha hivyo. Kwetu sisi hakuna aliyesema pole.

Tukienda nyumbani akaniuliza, "Wambui, ni nani alinisema?"

"Sijui," nikasema.

Kesho yake, Nduku huyo mlangoni kwetu na daftari, tusome paper two ya Alhamisi, tuanze na kumbukumbu ya kompyuta. "Umeme ikipotea, RAM inapoteza kila kitu. ROM inabaki na vitu vyake." Nikaitikia. Lakini moyoni: huyu amejua ni mimi. Amekuja kuniharibia.

Alhamisi nikaandika kinyume. Hiyo na mengine yote aliyonifundisha. Nikafeli, nikarudia paper hiyo peke yangu wenzangu wakiwa wameshatafuta kazi.

Sikumwambia kwa nini. Tukabaki marafiki. Alinisimamia harusi. Alinibebea mtoto clinic nikiwa mgonjwa. Na kila akinitendea wema najiuliza, huyu anataka nini kwangu? Anangoja siku gani?

Mwezi uliopita nikamtembelea hospitali. Nikajikaza. "Nduku, ile siku ya daftari…"

"Ni wewe. Principal aliniambia hapo hapo ofisini."

"Sasa kwa nini uliniuliza njiani?"

"Nilitaka uniambie mwenyewe."

"Na bado ukakuja kunifundisha?"

"Mtihani ilikuwa Alhamisi, Wambui. Ningekuacha ufeli?"

"Nilifeli kwa sababu nilidhani unanidanganya. Niliandika kinyume."

Machozi yakamtoka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ile ya bag. "Hiyo sikujua," akasema. "Ya principal nilisamehe zamani. Hii ndiyo inauma."

Nikamshika mkono. Hakuutoa. Tukakaa hivyo mpaka nurse akasema muda wa wageni umeisha.

Nduku, ulishukiwa mbele ya watu, kwa hivyo nasema mbele ya watu: hukuiba chochote. Ulisoma kuliko sisi sote, ukatugawia. Ulinipenda bila hila, na mimi nikatafuta hila miaka yote hiyo.

Sasa pumzika, rafiki yangu. Ulale bila maumivu. Nisamehe na hii pia.