Jaribio Lililopulizwa

Kipande cha mkate kilimponyoka Mtaalamu, mwandishi wa programu, kikaanguka sakafuni, upande wa siagi chini, pale pale walipopita watu tisa na viatu vyenye matope. Aliinama, akakiokota, akakipuliza mara moja, akakitia mdomoni.

"Kimepona," alisema huku akitafuna.

Binti wa dobi, aliyekaa meza ya pili, aligeuza uso akatazama ukuta. Mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni. Ofisini walimwita Bibi Afya, kwa sababu alikuja na kikombe chake na kukifungia kwenye droo, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua programu walizotengeneza wenzake. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomchefua kilikuwa kingine.

Kampuni yao ndogo ilitengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati. Sehemu moja ilihifadhi orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa, ili mfamasia asije akampa. Sehemu hiyo ilikuwa na jaribio lake: kompyuta inamsajili mgonjwa wa kubuni, inamwandikia dawa tatu zinazomdhuru, yaani penisilini, aspirini na salfa, kisha inaitaka programu irudishe orodha. Jibu likilingana na linalotarajiwa, alama ya kijani inatokea kwenye skrini, lisipolingana, nyekundu.

Shida ni kwamba aliyeliandika jaribio alidai dawa zirudi kwa mpangilio ule ule, na programu haikuwahi kuahidi mpangilio. Leo salfa ilitangulia, kesho penisilini. Mgonjwa hakupungukiwa na kitu, lakini nyekundu ilitokea. Basi ofisi nzima ikazoea. Nyekundu ikija, mtu alisema, "Lipulize," akabonyeza kitufe cha kurudia, mara mbili, mara tatu, hadi kijani kikajitokeza. Neno lenyewe lilitokana na mikate ya Mtaalamu, na wote walilicheka.

Jumatano Mkuu wa kitengo alichoshwa na zile nyekundu. Programu ilikuwa iende katika zahanati kumi na moja siku ya Ijumaa. Mtaalamu alijitolea, na kwa dakika tano akawa amemaliza: jaribio halikutazama tena majina, lilihesabu tu. Zimeingia tatu, zimetoka tatu, kijani.

"Safi kabisa, kaka," Mkuu alisema. "Bibi Afya, kesho uweke saini kwenye fomu, tumalize."

"Mkuu, hilo sasa halikagui kitu."

"Dada, si wewe uliyelalamika kwamba linadai mpangilio?" Mtaalamu alidakia. "Nimeuondoa. Au unataka nilipake na marashi?"

Ofisi ilicheka. Bibi Afya hakucheka. Bila saini yake programu isingetoka. Ingetoka nayo, kila mfamasia angeiamini ile orodha kama macho yake.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimsaidia mama yake kukabidhi nguo za wateja katika chumba cha mbele kilichojaa mvuke wa pasi. Fundi saa wa jirani aliingia amenuna, ameshika suruali mbali na mwili wake, na kapu la nguo zake mkono wa pili.

"Mama, mlinipa nguo kumi na mbili, sawa. Lakini hii si yangu. Na ina doa ambalo sitaki hata kuambiwa ni la nini."

Mama aliipokea kwa ncha za vidole. "Ni mdogo wako huyo, aliyezipanga jana," alimwambia binti yake. "Amehesabu, akaridhika."

Akalimwaga kapu lote na kuanza upya kwa namna yake. Nguo iliyotangulia mkononi, iwe shati au soksi, aliitafuta kwenye karatasi yenye orodha ya mteja na kuikata kwa kalamu. Hakujali ipi imetoka kwanza. Palipoandikwa mashuka mawili ya bluu, alikata mara mbili, shuka kwa shuka.

"Kapu liishe na karatasi iishe," alisema. "Ikibaki hata soksi moja, popote, simpi mtu."

Binti alifika ofisini akaliandika jaribio hivyo hivyo. Kila dawa iliyorudi ilitafutwa kwenye orodha inayotarajiwa, ikakatwa mara moja tu. Mwisho pasibaki kitu upande wowote. Akaliendesha mara hamsini. Mara arobaini na tatu, kijani. Mara saba, nyekundu, na zote saba zilisema jambo moja: aspirini imerudi mara mbili, salfa haipo.

Alimwita Mtaalamu. Mtaalamu alitazama, akanyoosha kidole chenye mafuta, akabonyeza. Kijani.

"Umeona? Limepona."

Binti alikifuta kitufe kwa kitambaa. "Mara saba kati ya hamsini, kaka. Dawa mbili zikihifadhiwa kwa pamoja, moja inaandikwa mara mbili na nyingine inafutika. Hesabu ni tatu, lakini mgonjwa anayedhurika na salfa atapewa salfa."

"Mbona siku zote hatukuiona?"

Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote. Alifungua kumbukumbu za majaribio, ambako kompyuta ilitunza kila jibu na jina la aliyerudia. Nyekundu nyingi zilikuwa za mpangilio tu. Katikati yake, kama nywele ndani ya chakula, ilikuwemo ile isiyo na salfa, mara kumi na tisa. Jina la Mtaalamu. Jina la Mkuu. Kisha, katika mwezi aliofika kazini, jina lake mwenyewe.

Hakuikumbuka siku ile. Bila shaka alicheka na wenzake.

Alizichapa zote kumi na tisa, akapiga mstari chini ya jina lake, akaziweka mezani kwa Mkuu pamoja na fomu isiyo na saini. Mkuu alisoma hadi mwisho.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Mkuu aliisukuma karatasi kwa ncha ya kalamu, kama asiyetaka kuigusa, kisha akainua simu na kuanza kuziambia zahanati, moja baada ya nyingine, kwamba Ijumaa haipo.

Mtaalamu alirudi kwenye mkate wake. Bibi Afya alikwenda bombani, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akanusa vidole, akanawa tena.