Ubeti wa Magugu

Nakumbuka siku moja, wiki ile matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na Kibera ikawaka kwa vita vya kikabila, jirani yangu Baba Nekesa alinipa simu yake nimsomee mesiji. Mwanangu, mesiji ile hadi leo naijua kwa moyo.

Nianze nyuma kidogo. Nilikuwa kijana kutoka Machakos, nikifanya kibarua cha mjengo Kawangware na kulala Kibera, kichwa kimejaa mashairi. Jioni kabla ya kurudi nyumbani nilipitia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikaingia kwenye jukwaa la washairi mtandaoni. Jukwaa tamu lile! Mtu anaweka ubeti, mwingine usiyemjua hata sura anaujibu, mnabishana kuhusu vina mpaka mwenye saiba anakwambia muda wako umekwisha. Huko waliniita Fundi Mizani, kwa kuwa silabi moja ikizidi nilikuwa siwezi kunyamaza. Nami sifa zile zililevya kuliko busaa.

Siku chache kabla ya kura, mmoja aliyejiita Mkulima aliomba msaada. Aliandika: "Shamba lipone, ng'oeni magugu yote kabisa." Nilicheka peke yangu, maana mstari ulikuwa unachechemea. Nikamnyooshea: "Ng'oeni yote magugu, shamba lipate kupona." Nane kwa nane, hata ungeweza kuuimba. Wenzangu walinipongeza. Sikuuliza shamba lipi, wala magugu ni kina nani.

Baba Nekesa alikuwa fundi cherehani, mtu wa Western, mlango wake ukitazamana na wangu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Ndiye niliyekuwa nikimsomea mashairi huku akishona, na hata asipoelewa alisema, "Hiyo imeingia, kijana!" Asubuhi ile ya mesiji hakuwa anashona.

"Wewe ndio mshairi wa hii ploti," alisema. "Nimetumiwa hii na namba siijui. Niambie, hii shamba ni gani? Na magugu ni mimi?"

Nikasoma. Ulikuwa mstari wangu, mwanangu! Hata koma niliyoitia ilikuwa palepale. Chini yake mtu ameongeza: "Ploti yenu tunaijua." Nikakaa chini kizingitini.

"Baba Nekesa, ni mimi nilirekebisha hiyo. Huko kwa mtandao. Sikujua."

Nilitamani anitukane tu yaishe.

"Kumbe mtu aliketi chini akahesabu maneno ya kunihamisha," alisema polepole. "Na huyo mtu ni wewe, mwenye nakupeanga chai."

Akafungua kichwa cha cherehani kutoka mezani pake, akakifunga kwa leso ya mkewe. Nilimbebea mpaka mtaa wa Nyayo Highrise alikokaa dada yake, mkewe na binti yao Nekesa wakitufuata. Langoni alikipokea kichwa kile mkononi mwangu.

"Ukiandika ingine," alisema, "unisomee mimi kwanza."

Hakurudi tena kwenye ploti ile. Niliporudi mtandaoni kumtafuta Mkulima, jina lake lilikuwa limefutwa. Mstari wangu haukufutika, niliusikia kwa vijana barabarani, wakiuimba vizuri kabisa.

Basi mwanangu, sikukatazi majukwaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi nimejifunza mengi kwa watu nisiowahi kuwapa mkono. Ingia, andika, sahihisha na usahihishwe. Lakini mtu akikuletea ubeti uupige msasa, muulize kwanza unakwenda kwa nani. Usiache mbachao kwa msala upitao: makofi ya wasiojulikana yasikusahaulishe jirani anayekusikiliza huku akishona. Kabla hujabonyeza kutuma, msomee yule ambaye mlango wake unatazamana na wako. Ukiona huwezi kumsomea, basi usitume.

Mungu akubarikie kalamu yako, akupe wasomaji wa mbali na wa karibu, na mlango ulio mbele ya wako usifungwe kwa neno lako.