Kinanda Kilichomnyima Elieza Sauti

"Afanye alichoombwa." Aliombwa nini, na nani? Nilishuka mlimani na swali hilo bila jibu. Naanza nalo kwa sababu nataka ujue kwamba haya yalinitokea mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Si mtu wa kuamini mizimu. Nimesomea elektroniki chuo kikuu, na nyumbani Same nikiambiwa bundi kalia juu ya paa, huuliza kala nini. Kisa hiki angenisimulia mwingine, ningemcheka.

Ijumaa moja alinipigia simu Mwalimu Elieza, mwalimu wa kwaya wa usharika mmoja juu milimani, njia ya Suji. Mama yake alikuwa amefariki, mazishi ni kesho yake, na kinanda cha umeme cha kanisa kilikuwa na vibao vitatu bubu. Mama huyo alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi. Azikwe bila kinanda? Nikafunga vifaa vyangu, nikapanda.

Kazi yenyewe si ngumu. Chini ya kila kibao kuna raba yenye nukta za kaboni. Ukibonyeza, nukta zinagusa bodi, sauti inatoka. Likiingia vumbi, au unyevu wa ukungu wa kule juu, kibao kinakuwa bubu. Nilifungua, nikasafisha raba kwa spiriti na pamba, nikapima, nikafunga. Nikajaribu. Vyote vililia.

Mwalimu akaingia na koti lake jeusi la msiba.

"Shikamoo Mwalimu. Kimepona, jaribu."

"Marahaba." Akabonyeza. Kimya. Nikabonyeza mimi kibao kilekile, kikalia. Akarudia yeye, kimya.

"Unakionea huruma, Mwalimu. Kigonge."

Akakigonga mpaka meza ikatikisika. Kimya.

"Msomi mzima unashindwa na raba," akasema. "Jioni nikikute tayari." Akarudi msibani.

Niliamua kukifungua tena. Fundi yeyote huchomoa umeme kwanza, kwa hiyo nikachomoa waya ukutani, nikauviringisha mkononi. Nje ukungu ulikuwa umefunika madirisha. Nilipogeuka, dada mmoja alikuwa ameketi benchi la mwisho, kanga mabegani. Mlango sikuusikia, na mlango ule ukifunguliwa hulia kama mbuzi.

"Karibu, dada. Umeleta maua?"

"Nimekuja kukutazama. Raba umesafisha, nyaya umepima. Sasa utasafisha nini, vidole vyake?"

Nikacheka. Nilidhani ni mwanakwaya mwenye kisirani na mwalimu wake. Akaja mbele, akakaa, akapiga wimbo wa mazishi, sauti zote nne, taratibu. Niamini, nilishaanza kufurahi kwamba kinanda kimepona. Ndipo nikatazama mkono wangu. Waya wa umeme nilikuwa nimeushika mimi. Na vibao havikuwa vikishuka chini ya vidole vyake.

Najua unachotaka kusema, nami nilijiambia hivyo hivyo. Chaji iliyobaki kwenye kapasita, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme? Hiyo huacha taa ikiwaka kidogo tu. Haipigi wimbo hadi ubeti wa mwisho.

Alipomaliza akasema, "Mwambie Elieza afanye alichoombwa. Asipofanya, mama yake atazikwa kama mimi." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyengoja foleni ndefu na sasa zamu yake imefika. Bisibisi ikaniponyoka. Nilipoinuka baada ya kuiokota, hapakuwa na mtu.

Ujumbe niliufikisha, nyuma ya jiko la msibani. Mwalimu alinisikiliza, akatazama nyuma kama kuna anayesikia.

"Nani kakutuma?"

"Jina silijui. Ila anapiga kinanda kukushinda."

"Nenda ukafunge kinanda chako, binti. Kesho nitakipiga mwenyewe."

Kesho yake kinanda kilipelekwa kaburini, umeme ukivutwa kwa waya mrefu. Nilikijaribu, kila kibao kikalia. Elieza akakaa. Kwaya kule hungoja sauti ya kuanzia, na bila hiyo hakuna anayefungua kinywa. Akabonyeza. Safari hii havikuwa vitatu. Alipitisha mikono kutoka mwanzo hadi mwisho wa kinanda, jasho likimtoka kwenye baridi ile, na hakuna kibao kilicholia. Mama mmoja akajaribu kuanzisha wimbo kwa mdomo, sauti haikutoka, akaishia kushika koo. Jeneza likashuka. Tulichosikia ni majembe na udongo.

Nilimuuliza Mama Niwaeli, mtunza kanisa, kuhusu yule dada.

"Alikaa benchi la mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo ni la waliotengwa. Huyo ni Nakijwa, mpiga kinanda wetu. Alipata mimba bila ndoa, akakataa kumtaja mwanamume, akatengwa. Akafa akijifungua, yeye na mtoto, hajarudishwa kundini. Mama yake Elieza ndiye aliyesimama kwenye baraza la wazee akasema aliyetengwa haimbiwi akizikwa."

Kinanda kile kinalia hadi leo kwa kila mtu isipokuwa Elieza. Ameacha kwaya. Jumapili huketi benchi la mwisho, wala hakuna aliyemweka pale. Mimi bado nauliza kila kitu, ila sishiki tena waya uliochomolewa bila kuutazama mara mbili. Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna mtu mliyemzika kimya ili kulinda jina la aliye hai, msinipigie simu. Hakuna raba ya kusafisha hapo.

Muda mrefu baadaye Mama Niwaeli alinieleza jambo ambalo msibani hakuthubutu kulisema. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yake Elieza, na alikuwepo mama huyo aliposhika mkono wa mwanawe akamwomba: "Simama kanisani useme mtoto wa Nakijwa alikuwa wako, ndipo niimbiwe. Usiposema, nizike kimya kama nilivyomzika yule binti."