Mche Ulioibiwa Msibani

Siku ya kumzika Delbert, watu wakiwa uani wanakula maharage na mkate wa mahindi, Gil Haskins aliingia kwenye banda la mjane, Verna, akakata ncha za mche wa marehemu, akazifunga kwa kitambaa chenye maji na kuzisunda ndani ya kofia. Kisha akatoka, akamshika mjane mkono, akampa pole. Kofia hakuivua. Verna aliliona hilo, akadhani ni ushamba tu wa mtu asiye na mama.

Alikuja kujua baadaye, Gil aliposhinda maonyesho kwa bangi yenye harufu ya zambarau mbivu na moshi wa kuni, akaiita Zambarau ya Haskins. Verna aliijua harufu ile kuliko jasho la mumewe. Delbert ndiye aliyeukuta mche huo umejiotea nyuma ya zizi la mbuzi, enzi zile helikopta za serikali zinazunguka juu ya vilima kusaka bangi, yeye na Verna wakauficha chini ya miti mikubwa. Mbegu zake hazikufaa kitu. Ukipanda mbegu unapata watoto, na kila mtoto ana tabia zake. Ukiutaka uleule, unakata ncha ya tawi, unaichomeka kwenye udongo mbichi, unaifunika, unangoja mizizi na roho mkononi. Ndivyo mche mmoja ulivyoishi, ukihama chungu hadi chungu.

Vilimani kule kipandikizi hakiuzwi. Anayekitaka anaomba, na anayetoa lazima aseme mbele za watu alikipata kwa nani. Ndiyo maana Gil hakuwahi kumpa mtu. Maua aliuza, vipandikizi akavifungia. Verna naye miaka yote anasikia dukani, "Kumbe na wewe unalima ile ya Gil?" Angejibu nini, na ushahidi wote umeshavutwa?

Sasa mwaka huu baridi ilipoisha, mche mama wa Verna ukaanza kugoma. Majani yakadumaa, matawi yakawa yanakatika kama biskuti, na ukisugua jani halinuki chochote. Tansy, mpwa wake, kibarua wa shamba kubwa la bondeni, akachukua jani kwenda kulipimisha. Alirudi na uso wa kufiwa.

"Shangazi, ni ule ugonjwa wa kule shambani kwetu. Unapita kwenye mkasi."

"Mkasi wangu nauchovya kwenye jiki kila nikikata."

Tansy akatazama viatu vyake.

"Na mkasi wako uliokuja nao Krismasi kunisaidia kupogoa?"

"Niliufuta."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa suruali, shangazi."

"Basi suruali yako imemzika mjomba wako mara ya pili."

Verna alijaribu hivyohivyo. Alikata ncha za juu kabisa, akazifunika, na kila asubuhi akawa anainua kifuniko. Shina moja likawa jeusi, kesho yake la pili. Lililobaki likatoa mizizi, akafurahi kidogo, Tansy akalipimisha. Gonjwa nalo.

"Kuna mahali umebaki mzima," Tansy alisema.

"Usimtaje."

"Hataki mkasi wa mtu bandani kwake. Na Jumamosi anahama, anakwenda kuishi kwa binti yake. Aliyenunua shamba anang'oa kila kitu apande mizabibu. Nenda usiku mlango wa nyuma, atakupa."

"Halafu niendelee kulima Zambarau ya Haskins mpaka nife?"

Hapo ndipo palipomnyima usingizi. Akienda kwa siri, ataupata mche na jina litabaki la mwizi. Akienda mbele za watu, Gil anaweza kukana, au kupanda gari lake akaondoka nao, na Delbert akaisha duniani.

Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo watu hupeana vipandikizi katika jumba la zimamoto. Verna aliendesha pikapu hadi huko, Tansy ameketi pembeni. Gil alikuja kuaga, lori limejaa, amekaa mezani anakula keki ya watu.

"Verna. Umekonda."

"Na wewe umenenepa kwa cha marehemu."

Watu wa mezani wakageuza viti kuwatazama.

"Wangu umekufa, Gil. Naomba kipandikizi cha zambarau."

Akatafuna polepole mno. "Nitakupitishia nyumbani nikiwa naondoka. Mimi na wewe tu."

"Naomba hapa."

Kumnyima mtu aliyefiwa na mche, vilimani kule, ni sawa na kumnyima maji. Kila mtu aliyekuwa pale alijua, na Gil alijua. Akainuka, akatoka. Verna akasikia mlango wa lori ukifunguliwa, kisha kimya. Alikuwa anasikiliza injini tu. Akiiwasha, basi, nimemuua Delbert mwenyewe kwa kiburi changu, aliwaza, na Tansy wala hakuthubutu kumtazama.

Injini haikuwaka. Gil alirudi na sinia la vikopo, kila kimoja na kijimche kilichosimama vizuri. Verna hakupokea.

"Ulikipata kwa nani?"

"Si unajua, Verna."

"Mimi najua. Waambie hawa."

Gil alilitazama sinia. "Kwa Delbert."

"Delbert alikupa?"

"Hakunipa. Niliiba, siku mliyomzika." Akaliweka sinia mezani. "Kila mwaka nilitaka kusema, nikaona mwaka umeshapita."

Mama aliyekuwa anamimina kahawa akaliweka birika chini.

"Umevikata na nini?" Verna akauliza.

"Wembe mpya. Kila tawi na wembe wake."

Verna alisugua jani, akanusa vidole. Alikuwa ni yeye, Delbert.

"Utanisamehe, Verna?"

"Hilo sikuja kuliomba."

Akabeba sinia mwenyewe. Tansy akanyoosha mikono kusaidia, akaambiwa aitie mfukoni. Vijimche vikakaa kiti cha mbele, vimefungwa mkanda, madirisha yamepandishwa hadi juu, na Tansy akapanda nyuma ya pikapu, kwenye upepo.